Studio ya Mawe na Sufu

Mtu aliyenifundisha kusikiliza alifika karakanani kwangu Nyeri asubuhi moja akiwa na karatasi ya miraba iliyokunjwa mara nne. Mimi nilikuwa seremala. Nilitengeneza milango, vitanda, kabati za maduka, na majeneza pia, kwa sababu hakuna seremala wa mji ule aliyeweza kuyakwepa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Kahawa ilikuwa imelipa vizuri misimu miwili mfululizo na watu wengi walikuwa wakijenga, kwa hivyo mteja mwenye mchoro hakuwa jambo geni. Kilichokuwa kigeni ni mchoro wenyewe. Ulikuwa wa chumba kimoja, na chumba hicho hakikuwa na kona hata moja iliyonyooka.

Nilimwambia kwa heshima kwamba aliyemchorea alikuwa amekosea. Akasema alikuwa amechora mwenyewe.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye tabia ya kukutazama mdomoni ulipokuwa ukizungumza. Alinieleza kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amefanya kazi Nairobi katika vyumba vya kurekodia, akikaa nyuma ya kioo na kunasa sauti za bendi na kwaya. Sasa alikuwa amerudi nyumbani Tetu, kwenye shamba lake la majani chai na ng'ombe wa maziwa. Pembeni mwa mji wa Nyeri alikuwa amenunua jengo la mawe lililokuwa stoo ya viazi. Alitaka kuligeuza liwe studio, ili waimbaji wa huku mlimani wasilazimike kwenda Nairobi kila walipotaka kutoa santuri. Sikumuuliza kwa nini aliacha kazi nzuri. Watu waliacha kazi Nairobi kwa sababu nyingi, na seremala hahitaji kuzijua.

Tulikwenda kuliona jengo. Ndani kulikuwa na harufu ya udongo na viazi vilivyooza, na kuta nne za mawe ya kuchonga zilizotazamana. Akasimama katikati na kuniambia nipige makofi mara moja. Nikapiga. Sauti ikarudi imekatikakatika, mfano wa kidole kinachopita kwenye meno ya kitana.

"Umesikia nini?" akauliza.

Nilimwambia nilivyosikia. Akanieleza kwamba kuta mbili zikitazamana zinarushiana sauti kama watu wawili wanaorushiana mpira, na mpira huo hauanguki haraka. Ndiyo maana hakutaka ukuta wowote umtazame mwenzake. Kisha tukasogea kwenye kona, nikapiga makofi tena, akauliza tena nimesikia nini. Nilidhani ananipima kama nafaa kazi yake. Nilijibu kwa makini, na kufikia mwisho wa siku hiyo nikawa nimeajiriwa.

Kazi ilikuwa kujenga chumba ndani ya chumba. Kile cha ndani kingekuwa cha mbao na hakikutakiwa kuligusa jengo la mawe popote, kwa sababu gari likipita barabarani mtetemo wake hupita kwenye mawe na kuingia moja kwa moja kwenye mashine. Sakafu tuliiweka juu ya vipande vya matairi ya lori, tulivyonunua sokoni kutoka kwa watengenezaji wa akala. Walituuliza tulitaka viatu vya watu wangapi. Juu ya vipande hivyo nikalaza mihimili, juu ya mihimili mbao, na ukikanyaga ulihisi sakafu ikipokea mguu kwa upole.

Kuta zilinisumbua zaidi. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nimeishi kwa skwea, kile chuma cha kupimia kona, na mikono yangu haikujua kupinda kitu kwa makusudi. Wiki ya kwanza nilisimamisha fremu nzima, nikaipigia misumari, nikaridhika nayo. Yeye akaja na kamba yake, akapima, akaniambia imenyooka. Niliibomoa. Hakukasirika, wala hakunisaidia. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akasubiri hadi nikamaliza, halafu akanionyesha kwenye karatasi mahali ambapo mguu wa ukuta ulipaswa kusogea, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Kati ya mbao na mawe palihitaji kujazwa kitu kizito na laini cha kumeza sauti. Alisema sufu ingefaa. Tukasafiri hadi Nanyuki kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mifugo, mzee mwenye kofia nyeupe na sauti ya chini, ambaye pia alinunua kutoka kwenye mashamba makubwa sufu chafu isiyotakiwa na viwanda. Alitukaribisha chai kwanza. Kisha akauliza tulikusudia kufuma mablanketi mangapi. Mwenzangu akamwambia kwamba sufu ingeingia ukutani. Mzee akauliza kama nyumba ilikuwa ya mgonjwa. Aliposikia ilikuwa ya waimbaji akatikisa kichwa, akatuuzia yote aliyokuwa nayo, na akatuonya tuioshe na kuianika vizuri la sivyo nondo wangeimaliza.

Sufu hiyo ilitosha kuta mbili tu. Mzee wa Nanyuki alisema tungoje kondoo wakatwe manyoya tena. Mwenye studio alikuwa tayari kungoja. Mimi sikuwa. Nilikuwa na milango ya shule iliyonisubiri karakanani, na nilishaanza kuchoka na chumba kile. Nikamkumbusha kwamba Kagio kulikuwa na makapi ya mpunga kutoka kwenye mashamba ya mchele, marundo yaliyochomwa ovyo kwa kukosa mtu wa kuyachukua. Alisita. Akasema makapi hushika unyevu, na Nyeri ni mji wa baridi na ukungu. Nilimwambia tutayafunga vizuri kwenye magunia. Siku ya tatu akakubali. Nilikwenda Kagio mwenyewe kwa lori, nikarudi na makapi ya kutosha kuta mbili zilizobaki na dari.

Mlango tuliuweka mara mbili, mmoja nyuma ya mwingine, kingo zake zimevishwa vipande vya blanketi. Vioo vya kutazamania vilikuwa viwili, kimoja kinene kuliko kingine, na kimoja nilikiinamisha mbele kidogo. Ukutani nikatundika magunia yaliyopangwa mara tatu. Kwenye ukuta wa nyuma nikaweka plaiwudi nyembamba yenye nafasi tupu nyuma yake, kwa ajili ya ngoma na gitaa la besi. Alisema sauti nzito haizuiwi na gunia. Inatakiwa ipewe kitu cha kutikisa ili ijichokeshe.

Masika yalipoanza alinifungia ndani ya chumba hicho mvua ikinyesha juu ya mabati. Tulikubaliana kwamba nikisikia mvua niinue kidole. Yeye alikaa upande wa pili wa kioo akinitazama. Sikuinua kidole. Nilisikia moyo wangu, na tumbo langu likisaga githeri ya mchana. Mke wangu alipokuja kuona nilichokuwa nikifanya kwa miezi yote hiyo, aliingia, akasimama kwa muda mfupi, akatoka. Alisema masikio yake yalikuwa kama yamezibwa na maji.

Kwaya ya kwanza ilitoka Tetu, wanawake wapatao ishirini wa kanisa moja. Aliyewaongoza alikuwa mama mjane mchuma chai, mfupi, mwenye vidole vilivyobadilika rangi kwa majani. Walijipanga mistari miwili, yeye akatoa sauti, wakaanza. Ubeti wa kwanza haukuisha. Walikuwa wamepotezana, kila mmoja akiimba peke yake kama aliyeachwa shambani. Walijaribu tena, ikawa vile vile. Yule mama akatoka akaja mbele yetu.

"Hii nyumba inakula sauti," alisema. "Mimi naimba na sijisikii. Hawa wengine siwasikii pia. Sasa nitajua aje kama tuko pamoja?"

Mwenye studio hakubishana. Aliwaomba radhi, akawaagizia chai na mkate, na akaniambia mbele yao kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba alikuwa amekiua chumba kupita kiasi, hakirudishi sauti hata kidogo. Asubuhi iliyofuata tulitoa magunia ya ukuta mmoja wote na mahali pake nikapigilia vipande vyembamba vya mbao za msaiprasi, vyenye mianya ya ukubwa tofauti kati yao. Sehemu ya sauti ingerudi, nyingine ingepotelea kwenye mianya. Kila nilipopigilia vipande vichache aliniambia nipige makofi, niimbe kitu, nimweleze. Sikuwa mwimbaji. Niliimba nilichokumbuka kutoka shule ya msingi. Siku ya tatu nilimwambia kwamba sasa chumba kilikuwa kama sebule ya mtu mwenye viti vingi, akasema hapo hapo niache.

Wanawake wa Tetu walirudi wakaimba nyimbo nne, na zilitoka vizuri. Mwezi uliofuata walikuja na wimbo wa tano. Ulianza na yule mama peke yake, kwa sauti ndogo, karibu zaidi na kusema kuliko kuimba. Wenzake waliingia baadaye. Waliondoka wakifurahi. Mwenye studio alisikiliza utepe mara tatu kwenye hedifoni, akaandika "safi" juu ya kasha lake, akaniambia ningeweza kusikiliza kabla haujapelekwa Nairobi kutengenezwa santuri.

Niliweka hedifoni. Chini ya sauti ya yule mama, kulikuwa na kitu kikitafuna. Kilitafuna, kikasimama, kikatafuna tena. Wenzake walipoingia kikafunikwa.

"Mzee, kuna panya," nilisema.

Akauliza wapi.

"Ndani ya wimbo."

Nilidhani angecheka. Alichukua hedifoni, akazivaa, akarudisha utepe mwanzo, akaongeza sauti hadi mimi niliyesimama kando nikausikia wimbo ukitokea masikioni mwake, pamoja na yule panya. Macho yake yalikuwa kwangu.

"Hakuna kitu hapo," alisema.

Nilikuwa nikikumbuka makofi, na kidole ambacho ningeinua kama ningesikia mvua, na jinsi alivyonitazama mdomoni tangu siku ya kwanza. Nadhani aliona usoni kwangu kwamba nilikuwa nimeelewa. Alivua hedifoni akazilaza polepole juu ya mashine. Nilimuuliza ilianza lini.

"Miaka sita sasa," alisema. "Sauti nzito nazisikia. Zile nyembamba ndizo zilienda. Ndege kwanza. Halafu kengele ya simu. Halafu mtu akiongea, nikawa siwezi kujua kama amesema 'saa' au 'haa'."

"Nairobi walijua?"

"Ndiyo maana niko hapa. Hawakunifukuza. Walinihamisha, wakanipa meza na faili."

Nikamuuliza, labda kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia, kwa nini basi alikuwa amejenga studio.

"Chumba nakijua," alisema. "Hata nikiwa kiziwi kabisa, hiyo kazi naijua. Nilifikiri nitapata mtu wa kusikia."

Hakusema kwamba mtu huyo nilikuwa mimi, na mimi sikusema nimekubali. Kesho yake nilikuja na nyundo nikafungua kuta mbili za makapi. Yalikuwa yamelowa na kushikana, yana harufu ya kuvu, na ndani yake kulikuwa na viota vitatu vya panya. Tuliyabeba nje, mkulima mmoja akayachukua kwenda kuyamwaga chini ya kahawa yake. Nilimwambia makapi yalikuwa wazo langu na haraka yangu. Akajibu kwamba aliyekubali ni yeye. Tukangoja sufu ya Nanyuki kwa muda ambao tungengoja tangu mwanzo, na dari nikaifungua na kuifunga upya. Wale wanawake walirudi kuuimba wimbo tena. Tuliwaambia mashine ilikuwa na hitilafu.

Baada ya hapo nilifanya kazi karakana asubuhi na studio mchana. Hakunifundisha kwa vitabu, ingawa alikuwa navyo. Alinifundisha kwa kuniuliza. Nilisikia nini? Nikijibu kwamba gitaa lilikuwa baya, alisema hilo si jibu. Ilinibidi nitafute maneno. Gitaa lilikuwa kama sufuria iliyogongwa. Mwimbaji alikuwa kama anayeongea ndani ya pipa. Kwaya ilikuwa na shimo katikati. Kutokana na maneno hayo alijua la kufanya: kipaza sauti kisogezwe kiganja kimoja, mtu wa besi ageuke atazame plaiwudi, blanketi litundikwe hapa na si pale. Karibu kila mara alikuwa sahihi. Nilisikia mabadiliko nikamweleza, naye akaitikia kwa kichwa na kutazama mshale wa mashine ukicheza.

Mbele ya wateja tulikuwa na utaratibu. Yeye alikaa kwenye kiti, hedifoni masikioni. Mimi nilisimama nyuma yake kama msaidizi. Kukiwa na kasoro nilimgusa bega mara moja, naye akainua mkono kuwasimamisha wanamuziki. Baadaye kidogo nilimwandikia kwenye karatasi. Hakuna aliyetilia shaka. Zilikuja bendi kutoka Kerugoya, Karatina na Kutus, na mzee mmoja wa kodiani kutoka Nanyuki ambaye hakuweza kucheza bila kupiga mguu chini, tukamvua viatu. Miaka mitatu hivi mambo yalikwenda vizuri. Santuri zetu zilipigwa madukani, na mara nyingine nilipopita mjini nilikitambua chumba chetu kabla sijautambua wimbo.

Kilichotokea baadaye nilikifanya mimi. Mpiga gitaa mmoja wa Kutus, kijana mwenye jina wakati huo, alimaliza kurekodi akatoka nje kuvuta sigara. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi. Alisema hajawahi kusikia gitaa lake likitoka hivyo, hata Nairobi.

"Huyo mzee ako na masikio," alisema.

"Masikio ni yangu," nikamjibu.

Aliniuliza maana yake, nikamweleza. Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu. Sikuwa nimegombana na mzee. Sikuwa na njaa ya sifa, au sikudhani ninayo. Labda ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa kweli na nilitaka mtu mwingine alijue.

Maneno hayo yalienda Kutus yakazunguka. Bendi moja haikurudi. Nyingine ikaja, na mmoja wao akasimama nyuma ya mzee, akafunika mdomo kwa kiganja, akamwita. Mzee hakugeuka. Wengine wakatazamana. Mimi nilikuwa pale pale, mkono wangu karibu na bega lake, na sikumgusa. Alipoona nyuso zao kwenye kioo aligeuka mwenyewe, akaelewa, akazima mashine. Aliwaambia kwamba ndiyo, hasikii vizuri, na kwamba wakitaka kuondoka hatawadai chochote. Waliondoka.

Hakuniuliza nani alisema. Nilikaa wiki nzima nikingoja aulize, halafu nikamwambia.

"Nilijua," alisema. "Tulikuwa wawili tu. Si uongo. Ni vile ningetaka kusema mwenyewe."

Kisha akaniuliza kama blanketi la mlango wa ndani lilikuwa limechakaa, kwa sababu aliona mwanga ukipita. Lilikuwa limechakaa. Nikalibadilisha siku hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata alinikabidhi funguo na kurudi Tetu moja kwa moja. Niliendesha studio kwa miaka mitatu bila yeye, na sikuiendesha vizuri. Nilijua kusikia kasoro, lakini mara nyingi sikujua dawa yake. Ilipokuja kwaya ya watu arobaini sikujua niwapange vipi, nikapanda kwenda Tetu kumuuliza. Mkewe alimwandikia swali langu kwenye daftari, naye akachora: wanaume nyuma karibu na plaiwudi, wanawake mbele ya msaiprasi, watoto wasimame kwenye kona ambayo mimi nilikuwa nikiweka viti. Nilifanya hivyo na ikawa sawa. Lakini kaseti zilikuwa zimeanza kunakiliwa kila mji, na mwenye kunakili hakuhitaji chumba. Kazi ikapungua hadi ikaisha. Mashine nikamuuzia mhubiri mmoja. Jengo likachukuliwa na fundi wa cherehani, na mimi nikarudi kwenye milango na vitanda.

Nilimtembelea mara ya mwisho wakati wa kipupwe, mlima ukiwa umefunikwa kabisa. Alikuwa uani, amevaa gambuti, na wakati huo hakusikia chochote tena. Mkewe alituletea chai kwenye vikombe vya bati. Nilikuwa nimepanga kumwambia tena habari za Kutus, kwa sababu sikuwahi kumwomba msamaha waziwazi. Nikalichukua daftari nikaandika. Alisoma, akanitazama, akachukua kalamu akaandika chini yake kwamba ng'ombe mmoja alikuwa amemkataa ndama wake, na kama nilikuwa na nguvu za kumshikilia mama, tungeweza kumnywesha ndama kabla sijaondoka.

Tukaweka vikombe chini. Ng'ombe alikuwa mkubwa na alinikanyaga mguu. Nilimshika kwa pembe, mzee akamsukuma ndama chini ya kiwele, na tukasimama hivyo muda mrefu, hadi ndama akaanza kunyonya.